Moodle kwenye maduka ya pembejeo: maoni yangu baada ya misimu miwili, Dodoma

Mwezi Julai, miaka mitatu iliyopita, mzee mmoja aliingia dukani kwetu Farkwa, wilaya ya Chemba, akiwa amebeba mahindi kwenye kofia yake. Hakuja kwa ugomvi. Aliyamwaga juu ya kaunta, akamwambia kijana wetu, "Mwanangu, nusa." Yalinuka uchachu kama togwa iliyosahaulika chunguni. Nyumbani alikuwa na magunia 9 ya namna hiyo, yote ndani ya mifuko ya kinga njaa tuliyomuuzia sisi. Kijana alimwonyesha vizuri namna ya kufunga: nailoni ya ndani kwanza, kisha ya pili, mwisho mfuko wa nje. Akapokea hela, akamtakia safari njema. Habari ya kukausha mahindi kabla ya kufunga hakuigusa, maana hakuijua. Na hakuijua kwa sababu mimi niliyepaswa kumfundisha nilikuwa sijamfundisha.

Mtu wa kanda hii hawezi kulichukulia jambo hilo kirahisi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia chakula kilichotoka kwenye maghala yao wenyewe. Sumukuvu hutokana na kuvu, na kuvu wanapenda nafaka yenye unyevu. Mfuko wa kinga njaa haupitishi hewa, kwa hiyo unamuua dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, bila dawa yoyote, na mimi nausifu popote nilipo, lakini ukimfungia mtu mahindi mabichi humo ndani humsaidii kitu. Magunia 9 ya yule mzee tulimlipa. Kilichoninyima usingizi ni hesabu nyingine: ni wakulima wangapi wameuziwa mifuko ile ile, kwa maelezo yale yale, wasirudi kutuambia?

Nimeanza na habari hiyo kwa kuwa watu wengi huniuliza juu ya Moodle, "ule mfumo wenu wa masomo ya kwenye simu", na swali lao la kwanza huwa ni bei. Bei nitaisema. Ila ningependa ieleweke tulikuwa tunatafuta nini.

Ninasimamia maduka 9 ya pembejeo. Ghala na ofisi viko Kizota hapa Dodoma mjini, pamoja na duka moja. Mengine yako Kibaigwa, Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chemba mjini, Farkwa, Kondoa, na moja Manyoni, upande wa Singida. Wauzaji ni 14. Wengi wao ni wa kidato cha nne, werevu, wanajua kuongea na mteja kuliko mimi. Kwa miaka mingi tuliwafundisha kwa kuwaita Kizota siku mbili kila Oktoba, kabla ya mvua. Nauli, gesti, chakula na posho vilifika kama sh 150,000 kwa kila mmoja, yaani sh 2,100,000 kwa safari moja. Wanakaa kwenye viti vya plastiki, mgeni kutoka kampuni ya mbegu anaongea saa tatu, wanapiga makofi, wanarudi. Na siku hizo mbili maduka yamefungwa, msimu ambao mkulima anatafuta mbegu.

Baada ya mkasa wa Farkwa tulijaribu kwanza mfumo wa kulipia uliouzwa na kampuni moja ya Dar es Salaam. Jina nitaliacha. Ulikuwa mzuri kuutazama, lakini wote ulikuwa kwa Kiingereza, ulilipiwa kwa kila kichwa kila mwezi, na mtandao ukikatika somo nalo linakatika. Farkwa unatembea mpaka kwenye mwinuko ndipo upate mtandao wa uhakika. Tuliuacha baada ya miezi minne.

Moodle niliisikia kwa binti ya dada yangu, aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu Huria na kufanya kazi zake humo. Ni programu ya bure: unaipakua, unaiweka kwenye seva yako, hakuna anayekudai ada ya leseni, na unaweza kuibadilisha utakavyo. Ilianzishwa na Martin Dougiamas, wa Perth nchini Australia. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Nilipenda kujua kwamba mtu huyo alikulia jangwani, akisoma shule kwa redio ya masafa mafupi kwa kuwa shule ya kawaida ilikuwa mbali mno. Habari hiyo ilinigusa, maana mama yangu naye alisomeshwa na redio. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, kundi lao kule Kongwa lilikuwa linakusanyika chini ya mti, wanasikiliza kipindi, kiongozi anasoma kijitabu, wanajadiliana, kisha wanaamua wafanye nini. Mama hakumbuki maneno ya kipindi. Anakumbuka choo walichochimba wiki ile.

Nikasema basi: nikitengeneza masomo, kila somo liwe na choo chake cha kuchimba.

Kuiweka Moodle kwenye seva si kazi yangu, na kama wewe si fundi wa kompyuta usijaribu peke yako. Tulimtafuta kijana anayezijua seva, tukampa sh 400,000, akaifunga kwa siku tatu, na kila anapotoa muda wake kuisasisha tunamlipa. Nafasi ya seva tunakodi kwa kama sh 45,000 kwa mwezi. Hayo ndiyo matumizi makubwa, ukiacha bando. Kila muuzaji anapewa bando la sh 5,000 kwa mwezi la masomo, na naomba hili mwajiri asilikwepe: ukimtaka mtu ajifunze kazi yako kwa simu yake, usimfanye ailipie kwa hela ya unga.

Ilivyo kwa asili, Moodle ilijengwa kwa shule na vyuo, na inaonekana. Ina mipangilio mingi mno kwa duka la mbegu. Wiki ya kwanza nilikaa na yule kijana tukawa tunaficha vitu: kalenda, majukwaa, beji, ujumbe. Kwa muuzaji tulibakiza orodha ya masomo, somo lenyewe, maswali na mahali pa kutuma kazi.

Lugha ilituchukua muda zaidi. Moodle ina kifurushi cha Kiswahili kilichotafsiriwa na wanaojitolea, lakini hakijakamilika, na baadhi ya maneno yake ni ya kitabuni sana. Bahati njema inakuruhusu kubadilisha neno lolote linaloonekana kwenye ukurasa. Nililifanya hilo jioni nyingi, nikimpigia simu muuzaji wa Kibaigwa kila nilipotilia shaka. Kwenye kitufe cha kumalizia maswali palikuwa na "Wasilisha". Akaniuliza, "Dada, nikibonyeza hapo inakwenda kwako au inabaki kwangu?" Nikaweka "Tuma majibu". Penye "jaribio la pili" wengine walidhani ni mtihani mwingine kabisa; nikaandika "Rudia tena". Kwa mtu wa ofisini haya ni madogo. Kwa muuzaji wetu wa Mpwapwa, mama wa miaka 57 anayeogopa kubonyeza kitu kibaya, neno moja linaamua kama ataendelea au atazima simu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo limeilipa gharama yote. Kabla ya kurekodi video hata moja, niliandika maswali 20, nikayaweka kwenye Moodle, nikawaambia wauzaji wote wayajibu bila kuogopa, hakuna alama inayokwenda kwa bosi. Nilitaka tu kujua pa kuanzia. Moodle ina ripoti inayokuonyesha, kwa kila swali, ni asilimia ngapi ya watu wamelipata. Nilikuwa na uhakika wataanguka kwenye viuatilifu, kwa hiyo nilikwisha kupanga masomo sita ya viuatilifu.

Viuatilifu walifanya vizuri. Rangi za lebo walizijua: nyekundu, njano, bluu, kijani, ipi ni kali kuliko ipi. Viwavijeshi vamizi waliofika nchini mwaka 2017 waliwajua, na wengi walijua kwamba dawa inapigwa asubuhi mapema au jioni, ilengwe kwenye moyo wa mmea anakojificha kiwavi. Swali lililowaangusha lilikuwa hili: "Mkulima amevuna mahindi juzi, anataka mifuko ya kinga njaa. Utamwambia nini kwanza?" Watu 11 kati ya 14 walichagua jibu la kumwonyesha namna ya kufunga. Watatu tu walichagua kumuuliza kama mahindi yamekauka. Nililitazama lile jedwali muda mrefu. Kumbe yule kijana wa Farkwa, niliyekuwa nimemwona mzembe, alikuwa anafanya walichokuwa wanafanya karibu wote.

Kwenye semina za Kizota nisingelijua hilo maisha yangu yote. Ukumbini ukiuliza "Tumeelewana?" unajibiwa "Ndiyo!" na watu 14 kwa sauti moja.

Somo la kwanza basi likawa la unyevu. Lina dakika nne za video tuliyorekodi ghalani, mtunza ghala wetu akianza kwa "Mbukwenyi" kama anavyowasalimu wateja. Anaonyesha kipimo cha chumvi, ambacho hakihitaji mashine. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka yenye kifuniko, unatia mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, unafunga, unatikisa kwa nguvu dakika moja, kisha unaacha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi kwenye turubai. Isipoganda, yamepungua chini ya hapo, na tunamwambia mkulima aendelee kuyaanika kidogo, kwa sababu pa kuhifadhia salama ni kama asilimia 13. Katikati ya video picha inasimama na swali linatokea: chumvi imeganda, mteja ana haraka, gari linaondoka, unafanyaje? Hiyo ni kazi ya H5P, zana ya kuweka maswali ndani ya video, iliyotengenezwa Norway na siku hizi imo ndani ya Moodle. Bila kujibu, video haiendelei.

Halafu ndipo choo kinachimbwa. Kila muuzaji alitakiwa kupima mahindi ya mteja halisi na kutuma video ya dakika moja. Ya Farkwa ilikuja ya mwisho, siku 9 baada ya nyingine. Kijana yule anaonekana ametandika kanga juu ya gunia, chupa iko mkononi, na anaeleza taratibu, bila papara, kwa Kiswahili kinachochanganyika na lugha ya pale ili wanaomzunguka wasikie. Mwishoni anasema, "Haya hayajawa tayari, baba, siwezi kukuuzia mfuko leo." Nilimpigia simu usiku ule ule kumpongeza. Kumkatalia mteja aliyeshika hela mkononi ni jambo gumu kwa muuzaji yeyote, na alilifanya mbele ya kamera bila mtu kumshurutisha.

Kuhusu mtandao: programu ya simu ya Moodle ndiyo iliyotufanya tubaki. Muuzaji akija Kizota kuchukua mzigo, au akipita mahali penye mtandao mzuri, anapakua somo zima, video na kila kitu. Anarudi Farkwa au kijiji chochote, anasoma bila bando. Maswali nayo unaweza kuyaruhusu yajibiwe nje ya mtandao, kwa sharti yasiwe na ukomo wa muda. Majibu yanakaa kwenye simu, mtandao ukirudi yanatumwa. Zingatia sana sehemu hiyo ya mwisho. Muuzaji wetu wa Bahi alimaliza masomo mawili, simu ikajaa, akafuta programu ili apate nafasi ya picha, na majibu yote yakafutika nayo kabla hayajatumwa. Alilia, na nilimwelewa. Tangu hapo ukurasa wa kwanza wa kila somo una mstari mmoja kwa herufi nzito: usifute programu kabla hujaona majibu yako yametumwa.

Kosa lingine lilikuwa letu wenyewe. Video za mwanzo tulizipakia kama zilivyotoka kwenye kamera, moja ikiwa na megabaiti 300. Mtu wa Kondoa alimaliza bando la mwezi kwa somo moja. Sasa tunazibana mpaka zisizidi megabaiti 15. Kwenye skrini ya simu mtu anaona chumvi kwenye chupa vizuri tu.

Mama wa Mpwapwa niliyemtaja aliniletea wazo ambalo sikulitegemea. Macho yake yanachoka kusoma maandishi madogo, akaomba kila ukurasa uwe na sauti. Tukaanza kurekodi maelezo kwa simu na kuyaweka juu ya kila ukurasa. Kumbe walioyatumia zaidi ni vijana: wanavaa spika za masikioni wanapopanga mifuko ya mbolea asubuhi. Yeye mwenyewe husikiliza somo mara mbili, kisha anajibu. Swali la mbegu chotara, kwamba mkulima asirudie kupanda alizovuna, alilipata mara ya kwanza, akaniandikia ujumbe mrefu akieleza namna anavyowafafanulia kina mama wa kwao: mtoto hafanani na wazazi wote wawili, na shamba halitafanana na la mwaka jana. Nimeuchukua mfano huo na kuutia kwenye somo.

Kuna mambo ambayo Moodle haiyafanyi, na mwenye maduka asidanganywe. Haimfanyi mtu awe na nidhamu. Wiki za mavuno hakuna anayefungua somo, na nimeacha kuwasukuma. Masomo yanakuja Aprili hadi Mei kwa uhifadhi, na Septemba hadi Oktoba kwa mbegu na viuatilifu, basi. Vikumbusho vya ndani ya programu havisomwi sana, kwa hiyo kundi la WhatsApp bado tunalo: humo natangaza tu kwamba somo limefunguliwa. Wala cheti kinachotolewa na Moodle yetu hakichukui nafasi ya mafunzo na vibali vya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa wanaouza viuatilifu. Hivyo viko palepale, na somo letu moja zima ni la kuwakumbusha hilo.

Na bado natembelea maduka. Kwa kweli natembelea zaidi kuliko zamani, maana sasa najua ninachokwenda kukitazama. Mwaka jana ripoti ilinionyesha Manyoni wote wawili wanakosea swali la lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ile lebo ya mfuko wa mbegu yenye namba unayoikwangua na kuihakiki kwa simu. Nikaenda Manyoni. Niliwakuta wanajua kuikwangua vizuri sana. Ila walikuwa wanakwangua wao wenyewe kabla ya kuuza, wakidhani wanamrahisishia mteja. Kumbe mkulima anafika nyumbani na mfuko uliokwishakwanguliwa, hana namna ya kujua kama namba ile ilikwishatumiwa na mwingine. Tulikaa nusu saa, tukanywa chai, tukalimaliza. Somo la kwenye simu lisingeligundua kosa lile, lakini ndilo lililonipandisha basi.

Makundi ya watu wawili wawili pia yamesaidia. Penye wauzaji wawili wanatazama video pamoja, wanabishana, kisha kila mmoja anajibu maswali peke yake. Hilo nimelichukua kwa mama yangu na redio yake. Walio peke yao, kama Farkwa na Bahi, tumewaunganisha kwa simu, na si mara zote wanapatana muda. Bado sijaridhika na hapo.

Msimu wa pili nilirudia lile swali la mahindi yaliyovunwa juzi, nikibadilisha maneno kidogo ili wasikariri. Watu 13 kati ya 14 waliuliza kwanza kuhusu ukavu. Wa kumi na nne ni mgeni, ameajiriwa Machi, alikuwa hajafika kwenye somo hilo.

Mwenye duka moja, au mawili yaliyo mtaa mmoja, namshauri asijisumbue na seva. Akae na wauzaji wake saa moja kila Jumatatu na chupa ya chumvi mezani. Mwenye watu waliotawanyika wilaya nne tano, Moodle naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya mipangilio yake mingi, inayomlazimu mtu kama mimi kumtegemea fundi kwa kila badiliko kubwa, na kwa sababu ya Kiswahili chake ambacho bado kinahitaji mikono. Maneno niliyoyabadilisha nimeyahifadhi kwenye faili moja, na nimemwomba yule kijana anielekeze namna ya kuyapeleka kwa watafsiri wa Moodle, ili mwenye maduka mwingine asianze upya.

Oktoba hii tunaongeza somo la lebo ya TOSCI, tukilianzia pale Manyoni walipokosea. Mama wa Mpwapwa amekubali sauti iwe yake. Tunarekodi Jumamosi saa moja asubuhi ghalani Kizota, kabla jirani hajawasha mashine ya kukamua alizeti.